Nimeuliza hela za madawati, nikaambiwa asante ya punda

Bibi, shikamoo.

Safu yako nimeisoma miaka mingi, ila sikudhani siku moja ningekuandikia kwa sababu ya jogoo. Ni jogoo mwekundu, kafungwa kamba mguu mmoja, yuko nyuma ya jiko langu tangu Jumapili. Kila alfajiri akiwika nashtuka kama mtu anayedaiwa. Nikueleze tangu mwanzo.

Nimezaliwa Katumba, makazi ya wakimbizi huko Mpanda, mwaka 1980. Wazazi wangu ni Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Baba alivuka mto Malagarasi akiwa na miaka 22, kamshika mkono dada yake mdogo. Kaka yao mkubwa, mwalimu, alikuwa ameshachukuliwa na askari wiki mbili nyuma na hakuonekana tena. Walipofikishwa Katumba palikuwa pori la miombo lenye mbung'o. Kila kaya ikaonyeshwa eneo lake, wakapewa mbegu na majembe, wakaanza kufyeka. Jembe lile baba analo mpaka leo. Mpini umebadilishwa mara zisizohesabika, bapa limelika hadi limebaki dogo kama upawa, lakini limetundikwa sebuleni kwangu chini ya picha ya Mwalimu Nyerere, na mjukuu akiligusa anafokewa.

Baba yangu anaipenda Tanzania kuliko mtu yeyote ninayemjua. Sitanii. Zamani watu wa makazi hatukuruhusiwa kutoka bila kibali. Nikiwa darasa la tano tulitakiwa kwenda Tabora kumwona shangazi aliyekuwa mgonjwa. Baba aliondoka alfajiri kwenda kupanga foleni, akarudi jioni na karatasi ya siku saba, ameishika kwa mikono miwili kama anabeba yai. Mama akanung'unika kwamba siku saba ni chache kwa kuuguza. Baba akamkata: "Mwenye nyumba akikuuliza unakwenda wapi na unarudi lini, unamjibu. Basi."

Mwaka 2007 serikali ilitutaka tuchague, kurudi Burundi au kuomba uraia, na mwaka uliofuata tukajaza fomu. Baba hakufikiria mara mbili. Alisema huko alikotoka amebakiza makaburi tu, tena hajui yako wapi. Tukaukana uraia wa Burundi, tukasubiri. Tulisubiri sana, Bibi. Tukaambiwa tutatawanywa mikoa mingine, watu wakaacha hata kuziba paa zinazovuja, maana unaziba nyumba ya nani? Mwishowe hilo la kuhamishwa likaachwa, na Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutoka. Baba cha kwake alikitia kwenye mfuko wa nailoni, mfuko akautia kwenye bahasha, bahasha akaiweka ndani ya Biblia, Biblia akaifungia kwenye sanduku la bati. Mwaka uliofuata nilipiga kura kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nikiwa na miaka 35.

Tangu hapo kila tarehe 9 Desemba baba anavaa koti lake la suti, jua liwake lisiwake, anawapanga wajukuu mstari mmoja uani, wanaimba Mungu Ibariki Afrika beti zote mbili. Akikosea mmoja wanaanza upya. Mimi nami husimama nyuma yao, na huwa nageuka pembeni ili watoto wasinione ninavyofuta macho.

Sasa shida. Mimi na mume wangu, ambaye ni Msukuma, tulihamia kijiji kimoja mkoa wa jirani mwaka 2016. Tunalima mpunga, na nina vyerehani viwili. Mama alipofariki baba akaja kukaa nasi. Mwaka jana kila kaya ilichangia Sh 15,000 za madawati ya shule ya msingi, kaya 214. Tuliahidiwa madawati 45 kwa Sh 70,000 kila moja. Yamekuja 18. Fundi nguo kazi yake ni hesabu, kwa hiyo niliandika kwenye karatasi: zilizokusanywa Sh 3,210,000, zilizonunua madawati Sh 1,260,000, ambazo hakuna anayezisema Sh 1,950,000.

Mkutano wa kijiji ulifanyikia darasani kwa sababu ya mvua. Nusu ya watu tulikuwa kwenye madawati, magoti yanagonga mbao. Nusu walikalia matofali waliyoingia nayo kutoka nje, maana madawati hayakutosha. Hapo ndipo niliponyoosha mkono na kusoma karatasi yangu.

Mwenyekiti hakujibu hesabu. Alicheka, akawageukia watu: "Mmemwona? Kapewa ardhi, kapewa uraia, leo anatukagua sisi wenye nchi. Wahenga hawakukosea, asante ya punda ni mateke." Darasa zima likacheka. Alicheka hata jirani yangu ambaye nimemshonea sare za watoto wawili kwa mkopo na bado hajalipa. Mwingine akatoa sauti nyuma kwamba vyeti vilivyotolewa vinaweza pia kurudishwa. Nikakaa.

Baba alikuwepo. Njiani hakusema neno. Tulipofika nyumbani akaniambia: "Mwanangu, mtu aliyekupa maji ukiwa unakufa kwa kiu humuulizi kikombe amekiosha lini." Akataka niende kuomba radhi. Nami nilikuwa na hasira, nikamjibu: "Baba, mto ulivuka wewe. Mimi sikuvuka mto wowote." Akalala bila kula. Kesho yake alirudi na huyo jogoo. Kamnunua kwa hela aliyokuwa akiiweka ya miwani. Anasema tumpeleke pamoja kwa mwenyekiti, mimi nitangulie kusema samahani na yeye atasema mengine.

Mume wangu anasema niachane na vyote viwili, madawati na jogoo, nishone nguo.

Bibi, naipenda nchi hii, sina nyingine wala sijawahi kuwa nayo. Lakini nimeanza kujiuliza kama kweli nina utovu wa shukrani. Asante ya kupokewa inakwisha lini? Na jogoo nimpeleke?

Binti wa Katumba

*

Marahaba, mjukuu wangu.

Jogoo asiende kwa mwenyekiti. Nimelitanguliza hilo ili usisome barua hii roho ikiwa juu. Lakini usimfungulie kamba, nina kazi naye.

Tuanze na madawati, kwa sababu ndiyo yaliyokusimamisha, na naona wote mmeyasahau. Mkutano mkuu wa kijiji si baraza la wenye asili. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mamlaka za wilaya, ya mwaka 1982, inasema mjumbe wake ni kila mkazi wa kijiji aliyefikisha miaka 18. Mkazi. Haikuuliza babu yako alizikwa wapi. Mkutano huo hutakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na moja ya kazi zake kubwa ni kusomewa mapato na matumizi. Kwa hiyo ulipofungua karatasi yako ulikuwa unaifanya kazi ambayo uongozi ulitakiwa kuwa umeshaifanya kabla hujanyoosha mkono. Na ukiifungua Katiba ibara ya 27, utakuta wajibu wa kulinda mali ya pamoja na kupiga vita ubadhirifu wamepewa watu wote, hawakutengwa waliozaliwa huku na waliokuja. Ungenyamaza ndipo ungekuwa na la kujibu.

Kuhusu yule wa nyuma na maneno yake ya vyeti kurudishwa, sitakuficha kitu. Ni kweli raia wa kuzaliwa na raia wa tajnisi, yaani aliyeomba uraia akapewa, hawako sawa kwa kila jambo. Urais, kwa mfano, ni wa raia wa kuzaliwa peke yake. Na Sheria ya Uraia ya mwaka 1995 inaruhusu raia wa tajnisi kuvuliwa uraia, jambo ambalo haliwezi kumpata wa kuzaliwa. Lakini mwenye mamlaka hayo ni Waziri, na kwa sababu zilizoandikwa, kama vile mtu kudanganya kwenye maombi yake. Kuuliza madawati 27 yamekwenda wapi hakumo. Mwenyekiti wa kijiji hana uwezo wa kukunyang'anya hata kadi ya kliniki. Toa nakala za cheti chako na cha mzee, nakala moja ikae kwa ndugu mnayemwamini nje ya kijiji, kisha lala usingizi.

Sasa hiyo asante ya punda. Mimi ni mtu wa Tabora, nimekulia kwenye utani. Najua mtu anaweza kukuita jina lolote msibani kwako na usikasirike, kwa sababu kesho utamrudishia kwake mbele ya wakwe zake naye atacheka. Utani una zamu. Shemeji zako Wasukuma wakikuita mkimbizi na wewe ukawaita wala michembe, sawa, mmelingana. Aliyekuambia maneno yale mkutanini hakutegemea zamu yako ifike. Alitaka ukae chini, na ulikaa. Huo haukuwa utani, na waliocheka walijua. Jirani yako mwenye deni la sare alijua kuliko wote, na kama si mzazi mwenzio ningekwambia ukamdai leo leo.

Halafu aliposema "sisi wenye nchi", nilitabasamu. Huyo bwana ana umri gani? Kama yuko chini ya miaka hamsini na kitu, mwaka 1972 hakuwa amezaliwa. Hakumpokea baba yako, hakumwonyesha shamba, hakumpa jembe. Anakudai fadhila ambayo hakuitoa. Watu wa namna hii nimewaona kwenye mirathi: marehemu alikopesha shangazi, anakuja mpwa kudai, ukimuuliza hati anasema "sisi ni ukoo".

Mimi mwenyewe unayeniita Bibi ni Mmanyema. Wazee wetu walitoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika karne ya 19, wengine na misafara ya biashara, wengine wakiwa watumwa, wakabaki Ujiji, wakabaki Tabora, wengine wakateremka mpaka Dar es Salaam. Wangoni wa Songea walitembea kutoka Afrika Kusini. Kuna Wazigua waliorudi miaka ya 1990 wakitoka Somalia, ambako mababu zao walipelekwa utumwani, wakapewa makazi Chogo, Handeni, na baadaye uraia, ndani ya mkoa ule ule wa Tanga walikotoka wazee wao. Fikiria, mtu anakaribishwa ugenini kwao! Sikwambii haya ukamsomee mwenyekiti. Nakwambia ili akisema tena "wenye nchi" usione aibu, umuulize kwa upole anaanzia kuhesabu mwaka gani.

Na hesabu ya fadhila yenyewe haina safu moja. Nilifundisha shule moja ya Tabora miaka ya 1980, na tulijua mahindi na maharage yanatoka wapi, na tumbaku pia. Yale maeneo ya Katumba, Ulyankulu na Mishamo yalikuwa mapori ambayo watu wachache walithubutu kukaa kwa ajili ya mbung'o. Wazazi wako na wenzao waliyafyeka, na kufikia mwaka 1985 Umoja wa Mataifa ulikuwa umeshawakabidhi kwa serikali, kwa kuwa walikuwa wanajilisha. Mwalimu alipewa medali ya Nansen mwaka 1983 kwa jinsi nchi hii ilivyopokea wakimbizi, na aliistahili. Lakini hilo jembe lililobaki kama upawa, chuma chake kimekwenda wapi? Kimo ndani ya ardhi ya Katumba. Baba yako ameshalipa, mwanangu, analipa tangu kabla hujazaliwa. Kinachobaki ni mapenzi, na mapenzi hayana tarehe ya mwisho, wala hayamkatazi mtu kuuliza.

Hapa ndipo ninapokuja kwa mzee, na hapa ndipo ninapokuwa na ugomvi na wewe.

Ulimsoma baba yako kama mtu mwenye shukrani iliyopitiliza. Msome tena. Kaka yake alikuwa nani? Mwalimu. Yale mauaji ya mwaka 1972, ikiza kama Warundi wenyewe wanavyoyaita, yaliwafuata kwanza Wahutu waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi, mtu yeyote aliyejua kushika kalamu na kusimama mbele ya watu. Sasa rudi kwenye lile darasa. Mvua inanyesha, watu wamejaa, na binti yake anasimama na karatasi mkononi anamsomea kiongozi hesabu. Wewe uliona madawati. Yeye nadhani aliona kaka yake. Nani alimfundisha kwamba mwenye kuuliza huchukuliwa usiku? Si Tanzania. Ule usemi wake wa maji na kikombe ni mzuri, lakini chini yake naona hofu imevaa koti la suti. Ndiyo maana cheti kimo ndani ya nailoni, ndani ya bahasha, ndani ya Biblia, ndani ya bati. Mtu hafichi namna hiyo kitu anachoamini ni chake moja kwa moja.

Na wewe ukamwambia hukuvuka mto wowote.

Ni kweli hukuvuka. Lakini sentensi hiyo ndiyo inayotakiwa kuombewa radhi katika mkasa huu wote, na wala haimhusu mwenyekiti. Kwa miaka hamsini mzee anajua kwamba alivuka ule mto ili nyinyi msivuke. Ulimrudishia kama tusi jambo analojivunia.

Mkipatana, muulize kuhusu kikombe. Mwambie: baba, sikuuliza kikombe chako, nimeuliza hiki wanachonywea wajukuu zako, na sasa zamu ya kuosha ni yetu. Usimwambie amekosea. Muulize tu kama mwenye nyumba huwa anaomba ruhusa ya kufagia. Yeye ndiye aliyekuambia habari za mwenye nyumba ulipokuwa darasa la tano. Mpe nafasi aone mwenyewe kwamba tangu ile Oktoba ya vyeti hakuna mwenye nyumba mwingine wa kumwombea kibali. Huenda asikubali. Mtu wa miaka sabini na kitu habadilishwi na mazungumzo ya jioni moja, na huna haja ya kumbadilisha. Unachotaka ni aache kukununulia samahani kwa hela ya miwani.

Turudi mkutanini. Hapa pia nina neno na wewe, dogo. Ulikwenda peke yako na hesabu iliyokamilika, ukamsomea mtu mbele ya kijiji kizima bila kumgusia kabla. Haki unayo, ila mtu aliyebanwa hadharani hutafuta jiwe la karibu, na kwako jiwe la karibu ni Katumba. Awamu hii usiende peke yako. Tafuta wazazi watatu au wanne waliochangia, na angalau mmoja awe mzaliwa wa hapo kijijini ambaye hakuna atakayemwambia habari za punda. Andikeni barua fupi kwa afisa mtendaji wa kijiji: tulichanga kiasi hiki, yamekuja madawati kadhaa, tunaomba taarifa isomwe mkutano ujao. Msimtaje mtu kwa wizi, kwa sababu hamjui. Huenda bado fundi anadaiwa, huenda hela ziko akaunti ya shule, huenda zimenunua mabati mkasahau kuambiwa. Wote mtie saini, nakala ibaki kwenu ikiwa na muhuri wa kupokelewa. Mkutano ukifika, ombeni swali na jibu viingie kwenye muhtasari. Wasipojibu, barua ile ile inapanda kwa mtendaji wa kata. Hakuna kelele wala matusi.

Na safari hii karatasi asome huyo mzaliwa. Wewe kaa kwenye dawati lako ushike kalamu. Sikuambii ujifiche, nataka uwasikie wanavyojibu swali lile lile likitoka mdomo mwingine. Wakijibu vizuri, umepata madawati na umejua pia shida ya siku ile ilikuwa nini.

Mumeo mwambie nimemsikia. Kushona ushone, lakini watoto wanaokaa juu ya matofali wanachana kaptura, na wewe ndiye unayeziba viraka kwa mkopo.

Jogoo sasa. Mchinje Jumapili. Usimwambie mzee mapema, atamkimbizia kwa mwenyekiti. Mpike vizuri, mzee apewe yale mapande anayostahili mkubwa wa nyumba, watoto wawepo. Kabla hajanawa mikono mwambie lile la mto, kwa mdomo wako, tena kwa Kirundi kama unacho cha kutosha; radhi ya mzazi huingia vizuri kwa lugha aliyobembelezewa. Yeye ndiye wa kuombwa samahani, na jogoo ni wake, kamnunua kwa hela yake.

Jumatatu mpeleke akapimwe macho. Hela ya miwani itoe kwenye deni la jirani.